Mikono Miwili ya Kushoto

Hebu niambie, wewe unayesoma, umewahi kuokota pini sakafuni kwa sumaku? Kama bado, hujui utamu wake. Unaiburuta sumaku polepole chini ya meza, na pini zinaruka zenyewe, tik, tik, tik, zinaganda pale kama siafu kwenye mfupa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya msichana mmoja wa darasa la sita kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Pini. Jina lake halisi lilitajwa nyumbani pale tu mama yake alipokuwa amekasirika.

Chumba chao cha mbele ndicho kilikuwa chumba cha kazi. Kulikuwa na vyerehani viwili vya kukanyaga. Cha mlangoni kilikuwa cha mama, aliyekuwa mshonaji. Cha dirishani kilikuwa cha mama mkubwa, yaani dada yake mama, na huyu ndiye aliyekuwa mkataji. Katikati kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu ili kitambaa kisiteleze. Juu ya meza ulilala mkasi mkubwa mweusi, ambao vishikio vyake vilizungushiwa kitambaa kwa sababu vilikuwa vimemwotesha mama mkubwa sugu vidoleni. Alikuwa ameushika mkasi ule miaka ishirini na saba. Alipokata, mkasi haukusimama. Uliingia kitambaani na kwenda moja kwa moja, kama mtu anayejua njia ya kwao.

Pini alipenda kuutazama kuliko kitu chochote. Alikuwa na neno moja moyoni, tena neno dogo tu, lakini kila alipotaka kulisema lilimkwama kooni. Basi alikuwa akienda kusimama tu pembeni ya meza.

"Mbona umenisimamia kama mlingoti?" mama mkubwa alikuwa akimuuliza. "Una neno?"

"Hapana, Mama mkubwa."

"Basi nipe chaki hiyo. Na uondoe kivuli chako kwenye kitambaa changu."

Mwezi huo walipata kazi kubwa. Mwalimu wa kwaya moja aliwaletea jora la kitambaa chekundu kilichoiva, chenye kung'aa upande mmoja na kufifia upande mwingine. Alitaka majoho kumi na mawili, la kwake likiwemo. Kitambaa kilipimwa na kupimwa tena, kikaonekana kinatosha, ila hakitabaki hata cha kushonea mfuko wa leso.

"Mama mkataji," mwalimu wa kwaya alisema, "nakuomba kwa heshima. Jora kama hili halipo tena. Duka lenyewe limeshafungwa."

"Na mimi mkono wangu haujafungwa," mama mkubwa akamjibu. "Nenda kaimbe."

Jumatatu alasiri mama alikwenda kununua uzi. Mama mkubwa alikuwa amekata tangu asubuhi, na ilikuwa imebaki mikono ya joho la mwisho peke yake, lile la mwalimu wa kwaya. Macho yalimwasha. Kitambaa kilichobaki kilikuwa chembamba mno kukunjwa, basi akaibana karatasi ya kukatia juu yake kwa pini, kisha akatoka uani kunawa uso na kupumzika kidogo kivulini.

Pini akabaki peke yake na meza, kitambaa na mkasi.

Hakuwa na nia mbaya. Aliwaza, nikate mkono mmoja tu, wakirudi waone wenyewe kwamba naweza. Akauchukua mkasi. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Akakata kidogo, akasimama, akavuta pumzi, akakata tena. Mkono wa kwanza ukatoka. Akaona, kama nimeanza, kwa nini nisimalize? Akaihamisha karatasi vilevile ilivyo, akaibana, akakata wa pili. Akaiweka yote miwili juu ya ile mingine, akarudisha mkasi mahali pake.

Mama mkubwa akaingia akijifuta uso kwa ncha ya kanga. Akatazama meza, akasimama.

"Alaa, kumbe nilishaikata hii?"

Pini alifungua mdomo. Hapo ndipo pangekuwa pahali pake pa kusema, na jambo lote lingekwisha kwa kofi moja au kicheko kimoja. Lakini aliona ni afadhali angoje joho lishonwe, lisifiwe, kisha ndipo aseme ni yeye. Akaufunga mdomo.

"Kichwa changu hiki," mama mkubwa akajisemea, akaikunja mikono yote na kuifunga fungu moja.

Sasa nikueleze kitu ambacho Pini hakukijua. Mkono wa nguo una mbele yake na nyuma yake, na pande hizo hazifanani. Mkataji hukunja kitambaa mara mbili, akakata mara moja, akapata mkono wa kulia na wa kushoto pamoja. Mwenye kukata mmoja mmoja lazima aigeuze karatasi kwa mkono wa pili. Asipoigeuza, atapata mikono miwili ya upande mmoja. Na kitambaa chenyewe kikiwa kinang'aa upande mmoja tu, huwezi kukipindua ukasema mambo yameisha.

Jumatano mama alifika kwenye joho la mwisho. Akashona mkono wa kwanza, akachukua wa pili, akaushika hivi, akaushika vile. Mguu wake ukaacha kukanyaga.

"Dada, hebu njoo uone. Hii yote ni ya kushoto."

"Hiyo haiwezekani."

"Njoo uone mwenyewe. Nikiuweka upande wa kulia, mng'aro unaingia ndani."

Mama mkubwa alikuja, akainama, akafinya macho. Hakuigusa. Alitazama muda mrefu.

"Uliikata lini?" mama akauliza kwa sauti ndogo.

"Jumatatu. Na unajua nini? Sikumbuki kuikata. Nilitoka kunawa nikidhani bado, nikarudi nikakuta tayari." Alikaa kitini polepole. "Kumbe nimefika huko. Nakata bila kuona, na sijui kama nimekata."

Pini alikuwa chini ya meza na sumaku yake. Akatoka kwa magoti.

"Samahani, Mama mkubwa."

"Samahani ya nini, mwanangu? Wewe umefanya nini?"

"Nasema tu."

"Usinisikitikie. Mimi nimeshakula chumvi nyingi." Akaivua futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake, futi ambayo Pini hakuwahi kumwona akiwa bila hiyo isipokuwa wakati wa kuoga, akaizungusha kidoleni na kuiweka mezani. "Mkataji asiyeona ni hatari kwa kitambaa cha watu. Ijumaa nitamwita fundi Mafuta aje achukue cherehani changu akakiuze. Mimi nitakwenda kwa kaka, nikamsaidie kuku wake."

"Dada, usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Mikono miwili ya kushoto, na mimi nilikuwa nikiwafundisha watu."

Mama alilia. Mchana ule vyerehani vyote viwili vilinyamaza. Pini alimwambia mama mkubwa samahani alipompa maji, akamwambia samahani alipomletea viatu, akamwambia tena alipopishana naye mlangoni. Kila mara mama mkubwa alimpapasa kichwa na kusema, una moyo mzuri, mtoto wewe. Maneno hayo yalimchoma Pini kuliko fimbo.

Alhamisi shuleni walikuwa na somo la Kiingereza. Mwalimu wao walimwita Mwalimu Chaki, kwa sababu ilipofika saa nne alikuwa mweupe mpaka kwenye nyusi. Aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: "I am glad that", "I am sure that", "I am afraid that", "I am sorry that". Akageuka.

"Nyinyi ni hodari wa kusema 'I am sorry' mkanyamaza, kama redio iliyoishiwa betri. Au 'I am glad', basi. Mimi ninayesikiliza nabaki kwenye mataa. Umefurahi kwamba nini? Unasikitika kwamba nini? Maneno haya mafupi ya hisia yanapenda kufuatwa na jambo lenyewe, na kinachoyaunganisha ni hiki hapa, 'that'. Hebu mmoja anipe mfano."

Mvulana aliyeketi na Pini, ambaye walimwita Kasuku kwa kutonyamaza, aliinua mkono. "I am sure that I am hungry."

Darasa likacheka.

"Ni sahihi," alisema Mwalimu Chaki. "Na ni kweli, tumbo lako nalisikia mpaka huku. Sasa kazi ya nyumbani. Sitaki sentensi za kutunga. Nendeni mkawaulize watu wa nyumbani kwenu wamefurahi kwamba nini, wanaogopa kwamba nini, wana hakika kwamba nini. Wakijibu kwa Kiswahili, geuzeni. Ile ya kusikitika mwandike ya kwenu wenyewe. Na kila moja iwe kweli tupu."

Pini alifika nyumbani na daftari lake. Mama alikuwa akishona pindo, akikanyaga kwa nguvu kana kwamba cherehani kimemkosea.

"Mama, ni kazi ya shule. Umefurahi kwamba nini?"

"Leo? Andika nimefurahi kwamba uzi haujakatika tangu asubuhi."

"Na unaogopa kwamba nini?"

Mguu wa mama ukasimama. Akatazama cherehani cha dirishani, ambacho kilikuwa kimeshafunikwa shuka. "Naogopa kwamba kesho nitakaa hapa na dirisha tupu. Tangu tulipokuwa wadogo sijawahi kushona bila yeye." Akavuta kamasi. "Usiandike hilo."

Mama mkubwa alikuwa chumbani, anakunja nguo zake chache na kuzipanga kwenye begi. Pini alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama mkubwa, una hakika kwamba nini?"

"Maswali gani haya ya kizungu?" Akatabasamu bila furaha. "Nina hakika kwamba macho yangu yamekwisha. Andika. Kwani si kweli?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Pini, na macho ya mama mkubwa yalikuwa yakimtazama yakingoja. Akaandika, kila herufi ikimwuma.

"Na kwa Kiingereza inasemwaje?"

"I am sure that my eyes are finished," Pini akasoma.

Mama mkubwa akairudia polepole, neno moja moja. "Inasikika vizuri kuliko ilivyo," akasema, akaendelea kukunja.

Ikabaki sentensi moja, ile ya kwake. Pini alienda kukaa kwenye ngazi ya uani. Akaandika "I am sorry that", na kalamu ikagoma. Alikaa pale mpaka jua likashuka nyuma ya paa la jirani. Alijua maneno yote yaliyotakiwa kufuata. Hata tahajia yake aliijua. Lakini aliona kwamba akiyaandika yatakuwa ya kweli zaidi, mama atayajua, mama mkubwa atamtazama kwa jicho jingine, na yale ya una moyo mzuri hatayasikia tena maishani. Akalifunga daftari.

Ijumaa mchana Mwalimu Chaki alikusanya madaftari na kusoma baadhi ya sentensi mbele ya darasa. Aliicheka ya baba yake Kasuku, aliyeogopa kwamba mwanawe atakuwa mtangazaji. Kisha akafungua la Pini.

"Sikilizeni hii. 'I am sure that my eyes are finished.' Mtu mzima amesema hivyo nyumbani kwao Pini. Hii ndiyo sentensi niliyokuwa naitaka. Ina mtu ndani yake. Pini, ni nani huyu?"

"Mama mkubwa."

"Mpe pole. Ni sentensi nzuri kuliko zote."

Pini alisimama bila kuambiwa. "Mwalimu, si ya kweli."

"Kwa hiyo umetunga?"

"Hapana. Yeye amesema, na anaamini. Mimi ndiye ninayejua si kweli."

Mwalimu alitazama chini ya ukurasa, akaona ule mstari wa mwisho uliokatika. Akawapa wengine zoezi la kunakili, akamtoa Pini nje, wakasimama kando ya ukuta.

"Hii 'I am sorry that' yako imeishia njiani. Unajua kinachofuata?"

Pini akatikisa kichwa kukubali, na machozi yakaanza. "Nimeshamwambia samahani mara nyingi sana, mwalimu. Labda mara kumi. Haisaidii."

"Ulimwambia samahani kwamba nini?"

Pini akajifuta machozi kwa mkono.

"Basi hujamwambia kitu. Umempa nusu iliyo rahisi ukabaki na ile ngumu. Mimi usiniambie, mimi si mwenyewe. Mwenyewe yuko wapi?"

"Nyumbani. Anaondoka leo saa tisa. Wanachukua cherehani chake."

Mwalimu Chaki akatazama saa. "Saa nane na dakika thelathini na tano. Chukua mkoba wako."

"Nitamwambiaje, mwalimu?"

"Kwa Kiswahili," alisema.

Pini alikimbia. Alipita nyuma ya soko, akaruka mfereji, kiatu kimoja kikachomoka akakirudia, akakibeba mkononi. Alipopinda kona ya mwisho aliona mkokoteni mlangoni kwao, na juu yake cherehani cha dirishani kimefungwa kamba. Fundi wa vyerehani, aliyeitwa Mafuta kwa vidole vyake visivyowahi kutakata, alikuwa akikaza fundo. Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda na begi miguuni. Mama alikuwa amesimama mlangoni na uso umevimba.

"Samahani, Mama mkubwa," Pini alisema akihema.

"Umerudi mapema. Samahani zako hizo nimeshazisikia, mwanangu, zimejaa begi zima."

"Hapana. Bado sijakwambia." Pumzi ilimpaa. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno yakarudi. Akayasukuma. "Samahani kwamba ile mikono niliikata mimi. Ulipokwenda kunawa. Wewe hukukata. Wewe hukusahau kitu."

Mafuta aliacha kamba. Mama akashuka ngazi moja. Lakini mama mkubwa alimvuta Pini akamkumbatia.

"Usijitwishe mzigo wangu ili nisiondoke. Najua unanipenda."

Hilo Pini hakulitegemea. Alikuwa amejiandaa kwa makofi, na sasa ukweli wenyewe haukuaminiwa. Akajichomoa, akaingia ndani mbio, akapindua gunia la vipande vya nguo lililokuwa chini ya meza, akatawanya sakafu nzima mpaka akaipata ile mikono miwili iliyotupwa humo. Akarudi nayo, akamwekea mama mkubwa mapajani.

"Ishike. Tangu Jumatano hujaishika hata mara moja. Ishike."

Mama mkubwa akauchukua mmoja. Hakuutazama. Alipitisha kidole gumba ukingoni, taratibu, kama mtu anayesoma. Kidole kikasimama.

"Hapa mkasi umepumzika," alisema. Kikaendelea. "Hapa tena. Na hapa umerudi nyuma." Akauchukua wa pili, akapapasa hata kabla ya kufika nusu. "Huu haukukatwa. Huu umetafunwa na panya." Mdomo ukaanza kumcheza. "Huu si mkono wangu. Mdogo wangu, njoo upapase. Huu si mkono wangu hata kidogo."

Mama alipapasa, kisha akamwita Pini kwa jina lake halisi, lote, na la baba yake juu yake.

"Mwache kwanza," mama mkubwa alisema, na sauti yake ikawa nzito. Alimgeukia Pini. "Siku tatu nimeishi nikiyaogopa macho yangu mwenyewe. Nimeshika kikombe nikiogopa kukimwaga. Wewe ulikuwa unaniona."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unaniambia samahani."

"Ndiyo."

Mafuta akakohoa. "Jamani, mimi nishushe au nipeleke? Mgongo ni wangu."

"Shusha," alisema mama mkubwa. "Tena ukiweke palepale, dirishani."

Alasiri ile ile alivaa futi yake shingoni, akaitandaza ile mikono miwili mezani, akaizunguka mara mbili. Kisha akatuma mwalimu wa kwaya aitwe.

"Wewe unapoimbisha mikono yako haitulii," alimwambia. "Joho lenye mikono mirefu litakuziba na litakupandia begani. La kwako litakuwa halina mikono. Nitakufungulia hii nikutengenezee kola pana ya kufunika mabega, utaonekana hata na walio nyuma kabisa. Lakini ujue, nakwambia wazi, ni kwa sababu mikono yako iliharibiwa hapa kwangu."

Mwalimu wa kwaya alishangaa kidogo, akapunga mikono hewani kujaribu, akakubali. Mama naye alimwahidi dada yake kwamba Jumatatu watakwenda wote hospitali apimwe macho, kwa kuwa kuwasha kule kulikuwa kweli, na miwani si aibu. Pini alipewa adhabu ya kufumua nyuzi kwa mwezi mzima, kila siku akitoka shule, bila kunung'unika. Hakunung'unika.

Alikuwa anafumua ule mkono wa kwanza, uzi baada ya uzi, mama mkubwa alipovuta kigoda akakaa karibu naye.

"Sikiliza," alisema. "Kuharibu kitambaa si dhambi kubwa. Mimi nimeharibu vingi, muulize mama yako. Ubaya ulikuwa kuniacha niamini uongo juu yangu mwenyewe. Ukimkosea mtu, usimpe samahani tupu. Mwambie umekosa nini, ili naye ajue ni nini kilichovunjika. Vinginevyo atatafuta kosa ndani yake mwenyewe, na huko atalipata hata kama halipo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama mkubwa."

"Haya. Sasa kimebaki kimoja sikijui. Mkasi ule umekaa mezani tangu hujazaliwa na hujawahi kuugusa. Siku ile ulikuwa unataka nini?"

Pini aliweka sindano ya kufumulia chini. Neno lile dogo lilipanda tena, likafika pale pale lilipozoea kukwama. Safari hii hakulingoja.

"Nilikuwa nataka unifundishe kukata."